Dawa za sonona na za kudhibiti hisia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu huja siku ya tisa au ya kumi. Pakiti iko mkononi, vidonge tisa vimeshatobolewa, na sauti ni ya mtu aliyedhulumiwa: "Dokta, nimemeza kama ulivyoniambia. Tumbo limevurugika na mawazo yako pale pale. Hii dawa ni feki?" Mimi ni mfamasia, si daktari, ila kila anayekaa dirishani huitwa dokta. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, ndiyo maana nimeliweka hapa pamoja na mengine yanayofuatana nalo. Neno nitakalotumia ni sonona. Wengine huita unyogovu, na wengi husema tu "ana mawazo".

Dawa hizi zinafanya nini hasa kichwani?

Ubongo ni mabilioni ya seli za neva, na nyingi kati yake hazigusani. Kati ya moja na jirani yake kuna mwanya mwembamba sana unaoitwa sinapsi. Ujumbe ukifika ukingoni mwa seli ya kwanza, seli hiyo humwaga kemikali kwenye mwanya. Kemikali huvuka hadi ng'ambo, hukaa kwenye vipokezi vya seli ya pili kama ufunguo kwenye kitasa, na ujumbe unaendelea na safari. Halafu seli ya kwanza, kwa ubahili wake, huifyonza kemikali ile ile irudi ndani ili iitumie tena. Ina vijipampu maalumu kwa kazi hiyo.

Fluoksetini, sertralini, sitalopramu na paroksetini huviziba vijipampu vya serotonini, mojawapo ya kemikali hizo. Serotonini iliyomwagwa inabaki mwanyani muda mrefu zaidi, ikigonga vipokezi tena na tena. Venlafaksini na duloksetini huziba vya serotonini na vya noradrenalini, kemikali nyingine ya aina hiyo. Mirtazapini haigusi pampu kabisa: yenyewe huondoa breki inayozuia kemikali hizo zisimwagwe. Kuna pia kundi la zamani linalozuia kimeng'enya cha MAO, ambacho kazi yake ni kuzivunjavunja kemikali hizo.

Amitriptilini na imipramini nazo huziba pampu, lakini hazina adabu: zikiingia zinagusa na vipokezi visivyohusika. Ndiyo maana anayezitumia hulalamika kinywa kukauka, choo kufunga, macho kuona ukungu na usingizi wa mchana. Ni dawa nzuri, ila zina vurugu.

Kwa hiyo sonona ni upungufu wa serotonini?

Hapana, ingawa maelezo hayo yamezoeleka hadi kwenye vyumba vya madaktari. Mtu akivunjika mguu hupewa magongo, na magongo humsaidia kweli, lakini hakuna anayesema mguu ulivunjika kwa upungufu wa magongo.

Wazo hilo lilitokea kinyumenyume, kwa sababu dawa zilitangulia na maelezo yakafuata. Mwaka 1952 wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View, New York, walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Watu waliokuwa mahututi wakachangamka na hamu ya kula ikarudi. Wengine wakawa wanacheza dansi wodini huku mapafu bado mabovu. Baadaye ikaeleweka kwamba dawa ile huzuia kimeng'enya cha MAO. Miaka michache baadaye, huko Uswisi, daktari Roland Kuhn alijaribu imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Hao haikuwafaa, ila wenye sonona ndio waliopata nafuu, naye akaandika habari hizo mwaka 1957. Wanasayansi wakapiga hesabu ya kurudi nyuma: kama kuongeza kemikali hizi kunaponya, basi ugonjwa lazima ni upungufu wake. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut aliliandika wazo hilo rasmi kwa upande wa noradrenalini, na serotonini ikaunganishwa nalo.

Limetafutwa kwa miongo kadhaa bila kuthibitika. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakukuta ushahidi wa kuridhisha kwamba wenye sonona wana serotonini kidogo kuliko wengine. Baadhi ya watu waliyasoma kama "dawa ni uongo". Siyo yaliyosemwa. Kujua kama dawa inafanya kazi ni jambo moja. Kujua chanzo cha ugonjwa ni jingine.

Kama pampu zinazibwa siku ile ile, kwa nini nisubiri wiki kadhaa?

Hili ndilo swali la mtu wa siku ya tisa, na ningependa kila anayeanza dawa aelezwe jibu lake kabla hajaondoka dirishani.

Ni kweli, pampu huzibwa ndani ya saa chache. Lakini seli inayomwaga serotonini ina vipokezi vyake yenyewe vya kupimia kiasi kilichoko nje. Siku za kwanza vipokezi hivi vinaona serotonini imejaa, vinaamuru: punguza. Seli inatii na kumwaga kidogo. Dawa inasukuma huku, ubongo unavuta kule. Baada ya wiki mbili, tatu, vipokezi hivyo vinazoea na kulegea, breki inaachia, na hapo serotonini inatiririka ipasavyo.

Hiyo ni sehemu tu. Ndani ya seli ya pili, kugongwa gongwa kwa vipokezi huwasha na kuzima jeni, na baadhi ya jeni hizo hutengeneza protini zinazolisha neva, kama ile iitwayo BDNF. Katika tafiti za wanyama, dawa hizi zimeonekana kuchochea neva kuchipua matawi na kuunda miunganisho mipya. Kazi ya kuchipua haiendi kwa saa.

Kuna na jambo la tatu, ambalo mimi hulipenda zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Catherine Harmer akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba dawa hizi hubadilisha namna mtu anavyosoma sura za wengine mapema sana, hata baada ya dozi moja, kabla hali yake ya moyo haijabadilika. Mwenye sonona akitazamwa na mtu aliyetulia tu, huona dharau. Dawa inaanza kuipunguza ile dharau machoni pake. Lakini ili apone inabidi akutane na sura hizo, siku baada ya siku, hadi moyo nao uamini. Anayemeza dawa na kujifungia chumbani anaichelewesha.

Kwa kawaida usingizi na hamu ya kula hutangulia, huzuni na kukata tamaa hufuata nyuma. Nafuu ya kwanza huonekana kati ya wiki ya 2 na ya 4, na kamili huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Mara nyingi walio karibu huiona kabla ya mgonjwa mwenyewe. Mama mmoja aliwahi kuniambia mwanawe "bado yuko vile vile", kisha akaongeza kama jambo dogo: "ila juzi kaoga bila kuambiwa." Hiyo ndiyo dawa.

Kama wiki 4 zimepita, umemeza kila siku, dozi ni sahihi, na hakuna hata dalili moja iliyosogea, rudi. Hapo kusubiri zaidi bila kubadilisha chochote hakuna faida.

Kwa nini tumbo linavurugika siku za mwanzo?

Kwa sababu serotonini iliyo nyingi mwilini haiko kichwani. Takriban asilimia 90 iko kwenye utumbo. Dawa haichagui. Kichefuchefu, kuharisha kidogo, kichwa kuuma, mwili kutotulia: hayo ndiyo maudhi madogo madogo ya wiki ya kwanza, na mengi huisha kabla wiki ya pili haijakwisha. Meza pamoja na chakula. Ikikunyima usingizi, meza asubuhi. Ikikupa usingizi, meza usiku.

Kuna maudhi ambayo hayaishi?

Yapo, na kubwa ni lile ambalo mtu huliuliza akiwa ameshageuka kuondoka, mkono mlangoni: tendo la ndoa. Hamu hupungua, wanaume huchelewa kufika kileleni au hawafiki, wanawake vivyo hivyo. Hutokea kwa watu wengi wanaotumia dawa za serotonini, na mara nyingi hudumu kadiri dawa inavyotumika. Wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hii na kusingizia mambo mengine. Sema. Dozi inaweza kupunguzwa, au ukahamishiwa mirtazapini au bupropioni, ambazo tatizo hili ni dogo kwake.

Mirtazapini nayo huongeza uzito. Wazee wanaotumia dawa za serotonini huweza kushuka chumvi ya sodiamu kwenye damu, na dalili yake ni kuchanganyikiwa, ambayo nyumbani hudhaniwa ni uzee.

Nitageuka teja?

Hapana. Teja hutafuta stimu, huongeza dozi ili aipate tena, na huacha kila kitu kwa ajili yake. Dawa hizi hazina stimu. Ukimeza mbili badala ya moja hutafurahi, utatapika.

Ila mwili huzizoea, na ukikata ghafla unalalamika: kizunguzungu, jasho, ndoto za ajabu, hasira za haraka, na kitu ambacho watu hukieleza kwa maneno yanayofanana kote duniani, shoti kama za umeme zinazopita kichwani unapogeuza macho. Paroksetini na venlafaksini zinaongoza kwa usumbufu huu kwa sababu hutoka mwilini haraka. Fluoksetini hujitoa polepole kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hupunguza makali yenyewe. Dawa ya haya ni kushusha dozi kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, ukiwa na anayekusimamia. Waliotumia kwa miaka mingi huhitaji mwendo wa taratibu zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Diazepamu na jamaa zake ni habari nyingine. Hizo hutuliza ndani ya saa moja, hazitibu sonona, na uteja wake ni wa kweli.

Dawa iliyomponya dada yangu, mbona mimi haijanisaidia?

Kuna mambo ya ini: vimeng'enya vinavyovunja dawa hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa sababu za kurithi, hivyo dozi ile ile huwa kubwa kwa mmoja na ndogo kwa mwingine. Na sonona yenyewe pengine si ugonjwa mmoja. Katika utafiti wa STAR*D wa Marekani, uliohusisha watu wapatao 4,000, karibu theluthi moja tu waliondokewa kabisa na dalili kwa dawa ya kwanza. Waliobaki walijaribiwa ya pili, kisha ya tatu, na wengine wakapona huko. Kushindwa kwa dawa ya kwanza ni jambo la kawaida, na hakumaanishi kwamba wewe ndiye umeshindwa.

Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2018, ulijumlisha majaribio 522 ya dawa 21. Zote zilishinda kidonge kitupu kisicho na dawa, lakini kwa wastani ushindi wenyewe haukuwa wa kishindo. Sonona ikiwa kali, tofauti huonekana vizuri zaidi. Ikiwa nyepesi, mimi ningemwambia ndugu yangu aanze na mazungumzo ya tiba na mtaalamu kabla ya kidonge. Kwa sonona ya kati na kali, viwili kwa pamoja hufanya kazi kuliko kimoja.

Nimesikia zinaweza kumfanya mtu afikirie kujiua. Kweli?

Kwa watoto na vijana, ndiyo, na hili halifichwi. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liandikwe kwenye dawa zote za sonona baada ya kuona kwamba mawazo ya kujiua yaliongezeka kidogo kwa watoto na vijana waliopewa dawa kuliko waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Kwa watu wazima zaidi ya hapo ongezeko hilo halikuonekana, na kwa wazee hatari ilipungua. Maelezo mojawapo ni kwamba nguvu za mwili hurudi kabla ya matumaini; mengine ni ule wasiwasi wa siku za mwanzo, mtu hawezi hata kukaa kitini.

Kwa hiyo wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa, awepo mtu anayemwangalia mgonjwa kwa karibu. Pakiti ikae kwa mtu mwingine, hasa ya amitriptilini, kwa sababu kuzidisha dozi yake husimamisha moyo. Mawazo hayo yakija, usisubiri tarehe ya kliniki: mwambie aliye karibu nawe leo hii na mwende hospitali, idara ya dharura.

Nina baipola. Kwa nini sipewi dawa ya sonona tu?

Kwa sababu inaweza kukurusha upande wa pili. Mwenye baipola ana vipindi vya sonona na vipindi vya mania: halali, anaongea bila kituo, anagawa pesa, anaanzisha miradi saba kwa usiku mmoja. Dawa ya sonona peke yake huweza kuamsha mania. Daktari anapokuuliza kama uliwahi kuwa na kipindi cha "furaha iliyopitiliza" au kama kuna ndugu mwenye hali hiyo, usipuuze swali. Watu huja hospitali wakiwa chini, mara chache wakiwa juu, ndiyo maana baipola hukosewa kwa urahisi.

Anachohitaji ni kidhibiti hisia, na mzee wa hizo ni lithiamu. Ni chumvi, madini yanayochimbwa ardhini, hayohayo ya kwenye betri. Mwaka 1949 John Cade wa Australia aliandika kwamba simbilisi aliowadunga lithiamu walitulia. Akaijaribu mwenyewe, kisha akawapa wagonjwa kumi wenye mania, nao wakatulia. Inawezekana kabisa wale simbilisi walitulia kwa sababu walikuwa wamelishwa sumu. Hata hivyo kwa binadamu alikuwa sahihi: mwaka 1954 Mogens Schou na wenzake wa Denmark waliithibitisha kwa jaribio lililopangwa vizuri. Haizibi pampu yoyote. Huingia ndani ya seli na kuzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyopitisha ujumbe huko ndani, na picha kamili ya utendaji wake bado inachorwa. Ni miongoni mwa dawa chache ambazo ushahidi wake wa kupunguza vifo vya kujiua ni mzuri.

Shida yake ni kwamba dozi inayotibu na dozi inayoua ni majirani. Kiasi kwenye damu kinatakiwa kiwe kama 0.6 hadi 1.0 mmol kwa lita, kikipita 1.5 sumu inaanza. Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo siku ya kipimo usimeze kwanza. Figo haziwezi kutofautisha vizuri lithiamu na sodiamu: ukiharisha, ukitapika, ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, au ukiacha chumvi ghafla, figo zinaishikilia lithiamu na kiwango kinapanda. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya hivyo hivyo, na hizi watu hununua bila kuuliza. Mikono ikitetemeka sana, ulimi ukawa mzito, ukapepesuka na kutapika, acha dozi inayofuata na nenda hospitali saa hiyo hiyo. Figo na tezi ya thairoidi hupimwa kila baada ya miezi 6 hivi.

Mbona nimeandikiwa dawa ya kifafa?

Haukukosewa. Valproeti, kabamazepini na lamotrijini hutuliza neva zinazorusha ujumbe kupita kiasi, na hilo husaidia kifafa na baipola pia. Lamotrijini huzuia zaidi kurudi kwa sonona. Hupandishwa polepole kwa wiki kadhaa, na vipele vyovyote ni sababu ya kumwona daktari siku hiyo hiyo. Valproeti haimfai msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba: takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na wengi zaidi huchelewa kiakili. Kabamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Kwetiapini na olanzapini, zilizoanza kama dawa za skizofrenia, nazo hutumika. Angalia uzito na sukari.

Vipi ujauzito na kunyonyesha?

Ukigundua una mimba usiache ghafla, nenda ukazungumze. Sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto. Sertralini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, ndiyo maana huchaguliwa mara nyingi.

Nisichanganye na nini?

Tramadoli. Naianza yenyewe kwa sababu iko kila mahali. Ikikutana na dawa ya serotonini, serotonini huweza kujaa kupita kiasi: homa, jasho, misuli kukaza na kutetemeka, mtu kuweweseka. Hiyo ni dharura. Mmea wa Hypericum, unaouzwa kama dawa asilia ya huzuni, una hatari ile ile. Aspirini na ibuprofeni zikitumika pamoja na dawa za serotonini huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini livunje dawa nyingi haraka, dozi ikawa kama haipo. Wanaotumia vizuia MAO hawali jibini iliyokomaa, maana presha hupaa ghafla. Pombe hushusha moyo na kuongeza usingizi wa dawa; mwenye sonona hana faida nayo.

Ketamini, ile ya nusukaputi, kweli inatibu sonona kwa siku moja?

Kwa baadhi ya watu ndani ya saa chache, ndiyo. Haipitii serotonini bali glutameti, kemikali nyingine kabisa. Esketamini ya kupulizia puani iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona iliyokataa dawa nyingine. Hutolewa kliniki, mgonjwa akiangaliwa kwa saa mbili, kwa sababu hupandisha presha na kumfanya ajione kama ametoka nje ya mwili wake. Nafuu yake huisha upesi dozi isiporudiwa.

Nikishapona, nimeze hadi lini?

Kwa sonona ya mara ya kwanza, miezi 6 hadi 12 kuanzia siku uliyopona, si kuanzia siku uliyoanza dawa. Ikiwa imekurudia mara kadhaa, miaka 2 au zaidi. Baipola kwa kawaida ni safari ya miaka mingi.

Nimesahau kidonge cha jana usiku.

Meza cha leo kwa saa yake. Usimeze viwili. Na kama unasahau kila Jumamosi na Jumapili, tuambie, tutatafuta dawa inayovumilia kusahauliwa. Fluoksetini ni mojawapo.